Kengele ya Baiskeli na Sauti ya Kweli ya Estella Mwamini

Patience, fundi wa sauti ambaye sasa anakalia kiti changu kwenye redio yetu hapa Kalemie, kando ya ziwa, aliniomba niandike kurasa chache kwa ajili ya mafundi wapya. "Papa Anselme," alisema, "andika tu yale yenye kutusaidia kazini. Usituandikie historia ya nchi." Nimejaribu kutii. Vyeo nimeviacha nje, maana nilipata kimoja tu na kilikuja pamoja na ufunguo wa choo. Mishahara nayo mnaijua wenyewe. Kilichobaki ni vyombo, watu wachache, na kosa moja nililolificha karibu maisha yangu yote ya kazi, mpaka ilipofika albamu mpya ya Estella Mwamini.

Estella mnamjua. Hata asiyejua jina lake amecheza "Taa ya Baba" kwenye harusi fulani. Mimi nimemsikiliza tangu siku ya kwanza, na ninaposema siku ya kwanza sitii chumvi: mimi ndiye niliyemwekea mikro ya kwanza mbele ya mdomo. Kwa hiyo haya ni maneno ya shabiki wa zamani na pia ni maneno ya mkosaji. Msomaji ayapime yote mawili.

Niliingia redioni nikiwa kijana mwenye shati moja la kazi. Siku yangu ya kwanza sikugusa mtambo wowote. Mkuu wa mafundi, Papa Lukas, mtu mfupi aliyetembea na pamba mfukoni kama muuguzi, alinipa kiti na kuniambia nifumbe macho. Akawasha kaseti moja, akaizima, akawasha nyingine.

"Tofauti iko wapi?"

"Ya pili ni safi zaidi, Papa."

"Ni kaseti moja, mwanangu. Nimesafisha kichwa cha mashine tu. Kesho utakuja na masikio."

Alinifundisha kusafisha vichwa vya vinasa sauti kwa pamba na alkoholi, kuzungusha kaseti iliyolegea kwa kalamu, na kuunga mkanda uliokatika kwa wembe na gundi ya karatasi bila mdundo kuruka. Pia alinifundisha kuongea kidogo, kwa sababu fundi anayeongea hasikii.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kengele. Alikuwa na kengele ya baiskeli, ya kinga kama tunavyosema hapa, iliyong'olewa kwenye usukani wa baiskeli yake ya zamani. Tulipotoka kwenda kurekodi nje, kwenye mkutano au kanisani, kabla ya kila wimbo tuliipiga mara moja mbele ya mikro. Watu walitushangaa. Sababu yake ilikuwa hii: kinasa sauti cha kubeba kilitumia mawe, yaani betri, sita makubwa. Mawe yakichoka, mkanda hutembea polepole wakati wa kurekodi. Ukirudi studio ambako umeme ni mzima, mkanda huo hukimbia, na kila sauti iliyomo hupanda juu na kuharakisha. Sauti ya muntu usiyemjua huwezi kujua kama imepanda. Kengele unaijua. Kwa hiyo studio ulisikiliza kwanza kengele ya kwenye mkanda, kisha ukapiga ile ya mkononi. Zikifanana, kazi ni nzuri. Zisipofanana, unarudi kurekodi upya, hata kama ni kule Nyunzu na treni haina haraka.

Sheria ya pili ya Papa Lukas ilihusu hayo mawe. Mawe ya kazi hayaendi nyumbani. Alisema hivyo kila Ijumaa, akinitazama mimi, ingawa tulikuwa watatu.

Jumamosi moja niliyapeleka nyumbani.

Kulikuwa na mechi. Majirani walikuja na viti vyao, mmoja akaja hata na mkwe wake, na redio yangu ilikuwa imekufa tangu wiki iliyopita. Papa Lukas alikuwa ameenda Nyunzu kutengeneza mtambo. Nikajiambia dakika tisini ni nini. Mechi ikaenda mpaka muda wa nyongeza, na baada yake mkwe wa jirani akaomba muziki kidogo.

Jumapili nilitumwa kurekodi kwaya ya kanisa moja la watu waliotoka kaskazini ya ziwa, wavuvi na wachuuzi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Kinasa sauti kilizunguka, sindano ya kipimo cha sauti ilicheza, sikuona tatizo. Kwaya iliimba wimbo wa kwanza. Wa pili akatoka mbele binti mrefu mwenye kitambaa cha kijani, akasimama karibu mno na mikro. Nilimwomba arudi hatua moja. Nikapiga kengele. Akacheka, halafu akaimba.

Baba yake alikuwa mvuvi wa taa. Mwaka ule mtumbwi wake ulipotea siku mbili kwa sababu ya upepo, na wimbo ulikuwa unahusu siku hizo mbili: binti amekaa ufukweni, anahesabu taa za wavuvi majini, anajiuliza ipi ni ya baba. Baba mwenyewe alirudi mzima, ametupwa kwenye kijiji kingine, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kuna bugali. Lakini wimbo haukufika huko. Wimbo ulibaki ufukweni. Binti aliuimba kwa sauti nzito, ya chini, polepole kama mtu anayeogopa kufika kwenye taa ya mwisho. Wenzake nyuma walinong'ona tu. Nilikuwa nimesikia muziki wa soul kwenye sahani za santuri ambazo watu wa meli walizileta, za waimbaji wa mbali ambao maneno yao sikuyaelewa. Ile siku nilielewa kila neno.

Jumatatu asubuhi niliweka kaseti kwenye mashine ya studio. Kengele ikalia kama ya mtoto ya kuchezea. Nikapiga ile ya mkononi. Zilikuwa mbali kama mama na kifaranga.

Nilijua papo hapo nini kimetokea. Nilikuwa na mkono juu ya kitufe cha kuzima. Lakini wimbo ulikuwa umeanza, na ule wimbo ulioharibika ulikuwa mtamu. Sauti nzito ya binti ilikuwa imekuwa nyembamba na nyepesi. Mwendo wa huzuni ulikuwa umekuwa mwendo wa kiuno. Mkurugenzi alipita mlangoni, akasimama, akaanza kutikisa bega.

"Huyu njo nani?" aliuliza, yaani ndiye nani.

"Binti wa kwaya, Mkurugenzi."

"Weka tena. Hapana, weka hewani!"

Ningesema. Ningesema kwamba mawe yalichoka, naye angeuliza yamechoshwa na nini. Nikakata kengele kutoka mwanzo wa wimbo kwenye nakala ya kurusha, nikaupeleka hewani. Kufikia Ijumaa tulikuwa na rundo la barua za kuuomba tena. Kufikia mwezi uliofuata uliimbwa bandarini, kwenye mabaa na kwenye harusi. Watu walicheza wimbo wa binti anayengoja baba aliyepotea, wakirusha mikono.

Papa Lukas aliporudi kutoka Nyunzu aliusikiliza akiwa amefumba macho. "Huyu mutoto anaimba kama mvua inamufukuza," alisema. Kisha: "Kengele iko wapi?"

"Nilisahau kuipiga, Papa."

Alitoa pamba mfukoni, akaanza kusafisha kichwa cha mashine. Miaka baadaye, siku aliyostaafu, wengine aliwaachia bisibisi na koleo. Mimi alinipa ile kengele. "Wewe njo unaihitaji kuliko hawa," alisema. Sikuipenda ile zawadi. Nimeitunza.

Jambo ninalolijutia zaidi si hilo. Wiki ya pili, Estella mwenyewe alikuja redioni. Alivaa kile kitambaa cha kijani. Alikaa kwenye benchi la wageni mpaka nilipotoka.

"Papa Fundi, ile sauti ya kwenye redio njo yangu kweli?"

"Ni yako."

"Mbona iko juu vile? Kwaya wanacheka. Baba hakunitambua."

Nikamjibu: "Mikro inapenda sauti nyembamba. Inachukua ile ya juu na kuacha ya chini. Waimbaji wakubwa wote wanaimba juu."

Aliniamini. Kibaya zaidi, alinishukuru. Akaenda nyumbani kujifunza kuimba juu.

Alijifunza vizuri. Alienda Kigoma na bendi ya wafanyabiashara wa ziwa, baadaye Lubumbashi, na kila alipokwenda aliambiwa aimbe "kama kwenye redio". Nilinunua kaseti zake zote, na baadaye sidii zake zote. Nilizisikiliza kwa masikio aliyonifundisha Papa Lukas, na kila mara nilisikia mwanamke anayepanda ngazi akiwa amebeba ndoo kichwani: hamwagi hata tone, lakini shingo imekaza. Watu walisema ana kipaji cha pekee. Mimi nilisema hivyo hivyo, na ilikuwa kweli. Halafu alinyamaza miaka mingi. Wengine walisema ameolewa, wengine kwamba ameokoka. Mimi niliogopa kwamba koo limechoka, na nilijua limechoshwa na nini.

Nilistaafu mwaka huu. Nilipewa saa ya ukutani na soda. Wiki ya tatu nikiwa nyumbani, Patience alinipigia simu: Estella ametoa albamu, inaitwa "Mwendo Wangu", na ametuma nakala redioni.

Nilikwenda kwa pikipiki siku ileile na kuisikiliza yote, nimefumba macho. Ina nyimbo tisa. Wa kwanza unaanza na pumzi yake tu. Anavuta hewa, anaitoa, ndipo gitaa moja linaingia, na tayari umeshakaa vizuri kwenye kiti. Wa tatu anauimba kwa Kibembe pamoja na wanawake wanne, hakuna chombo ila makofi, na yale makofi yanachelewa kidogo kwa makusudi, kama watu wanaosubiriana njiani. Katika wa tano anamwimbia mume aliyezeeka pamoja naye, anamtania kuhusu miwani inayopotea huku iko usoni, na ninakiri nilipapasa yangu. Wa saba una ngoma ya kompyuta. Ningemshauri auache, lakini hakuniuliza. Sauti yote kwa yote ni ya chini. Ni nzito, ina mchanga kidogo pembeni, na haina haraka na mtu. Hapandi ngazi tena. Amekaa chini, na wewe unakwenda kukaa karibu naye.

Wa tisa ni "Taa ya Baba". Aliuimba kama Jumapili ile kanisani. Nilikuwa sijausikia hivyo tangu siku niliyokuwa nimeshika kinasa sauti. Ilinibidi nitoke nje nisimame karibu na jenereta.

Nilipoingia tena, mkuu wa vipindi, Monsieur Dieudo, alikuwa ameketi juu ya meza, kalamu sikioni. Walikuwa wameurusha ule wimbo asubuhi kuonja maoni, na simu zilikuwa mbaya.

"Wanasema tumeweka mama mwingine," alisema. "Mmoja ameniambia: huyu ni Estella ameingiwa na malaria. Na Jumapili njo tunafanya kipindi kikubwa, Estella atakuwa kwenye simu. Amesema kama Kalemie wakiipokea albamu, atakuja kuimba hapa. Wakiikataa, hatakuja kuaibishwa nyumbani."

"Kwa hiyo?" niliuliza.

"Kwa hiyo Patience ataipandisha sauti kwa kompyuta. Kidogo tu. Na kuharakisha mwendo. Watu watafurahi, naye atakuja."

Patience alikuwa anatazama sakafu. "Kompyuta inaweza, Papa. Dakika mbili."

Hapo ndipo niliona kosa langu likivaa viatu vipya na kutaka kutembea tena. Nilisema: "Msiguse. Nipeni nusu saa."

Nilirudi nyumbani, nikatoa chini ya kitanda sanduku la bati. Ndani kulikuwa na kaseti ya asili ya Jumapili ile, sikuwahi kuthubutu kuitupa, na kengele ya Papa Lukas. Nilirudi nazo redioni. Mbele ya Dieudo, Patience na mlinzi aliyekuwa ameingia kuchaji simu, nikaweka kaseti kwenye mashine. Kengele ikalia nyembamba. Nikapiga ya mkononi. Nikawaambia kuhusu mechi, mawe, mkurugenzi mlangoni na benchi la wageni.

Mlinzi ndiye aliyeongea kwanza. "Papa Anselme, kwa hiyo mimi nilioa kwa wimbo wa betri mbovu?"

"Ndiyo."

"Aka!"

Patience hakucheka. Aliingiza kaseti kwenye kompyuta, akaanza kuipunguza mwendo kidogo kidogo, na kila alipopunguza aliniambia: "Piga." Nikapiga. "Bado. Piga." Nikapiga. Mara ya sita au ya saba zile kengele mbili zikawa moja. Hukuweza kujua ipi iko mkononi na ipi iko kwenye mkanda. Akaachia wimbo uendelee. Akatoka binti wa kitambaa cha kijani, sauti ya chini, polepole, anahesabu taa. Patience akaweka pembeni yake ule wa albamu mpya. Binti na mama waliimba pamoja, kwa mwendo mmoja, bila kugombana hata neno moja.

Dieudo alitoa kalamu sikioni. "Tutaweka zote mbili Jumapili," alisema. "Na wewe utaeleza mwenyewe hewani."

"Mimi si mtangazaji."

"Na mimi si padri, lakini nimekuungamisha."

Jumapili baada ya misa nilikaa mbele ya mikro, upande ambao sikuwahi kukaa. Estella alikuwa kwenye simu kutoka Lubumbashi, anasikiliza. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, kwa maneno machache zaidi. Patience alirusha kengele mbaya, mimi nikapiga ile ya mkononi, kisha akarusha wimbo wa zamani kwa mwendo wake wa kweli, kisha wa albamu. Niliogopa kutazama simu za wasikilizaji.

Ya kwanza ilikuwa ya Mama Odile, muuza samaki wa sokoni.

"Mimi nilikuwa nasimama kuume kwake kwenye kwaya," alipiga kelele mpaka sindano ikagonga mwisho. "Tangu ule mwaka ninasema ile ya redio siyo yeye! Bwana yangu ananijibu nina wivu! Yuko hapa, amekaa. Papa Jérôme, umesikia? Umesikia?"

Kwa mbali tulisikia sauti ya mwanamume: "Nimesikia."

"Aseme hewani!"

"Nimesikia hewani," alisema yule mume.

Simu zilifuatana. Mzee mmoja wa bandarini alisema miaka yote alicheza wimbo huo bila kujua kwamba unasikitisha, na sasa anaomba uwekwe tena ili asikitike vizuri. Mwingine alitaka kujua kama inawezekana kurekebisha hivyo na hotuba za wakuu. Dieudo aliikata hiyo haraka. Hakuna aliyesema tena habari ya mama mwingine.

Ndipo Dieudo akamgeukia Estella. "Mama, uko bado kwenye laini?"

"Niko."

Nilishika kengele kwa mikono miwili. Sijawahi kuona sekunde ndefu vile, na nimeishi na sekunde kama kazi.

"Papa Fundi," alisema. Alinikumbuka kwa jina lilelile. "Ile kengele njo umepiga sasa hivi? Ile ya kinga?"

"Ndiyo, Mama."

"Sisi wa kwaya tuliwaza unafukuza shetani kwenye mikro." Akacheka, cheko la chini, lenye mchanga. "Sasa sikia. Miaka yote hii ninamukimbiza ule mutoto wa kwenye redio. Ninaenda kwa walimu wa sauti, ninakunywa tangawizi, ninavaa skafu kwenye joto. Simufikie. Nikasema basi, nimeshindwa, naimba yangu. Kumbe hapakuwa mutoto. Ilikuwa ni wewe na mpira wako!"

"Nisamehe, Mama Estella. Nilikudanganya palepale kwenye benchi."

"Ulinidanganya kabisa. Lakini nani alishinda?"

"Nani alishinda nini?"

"Ile mechi!"

Ilinibidi niseme ukweli hewani, mbele ya jimbo zima, kwamba tulifungwa. Studio yote ilicheka, Patience alijifunika uso kwa mikono, na kwenye simu Estella alicheka mpaka akakohoa.

Nyinyi mafundi wapya, kengele nimeifunga kwa skrubu mbili pembeni ya meza ya studio, upande wa kulia. Najua kompyuta zenu hazichoki kama mawe. Ipigeni hata hivyo kabla ya kila rekodi, na msikilize kama zinafanana. Na siku zisipofanana, semeni siku ileile. Kosa likiachwa, watu huanza kulicheza, na baadaye kuna mtu lazima aishi ndani yake.

Estella atakuja mwisho wa mwezi. Ataimba kwenye ukumbi ule ule wa kanisa, na alitoa sharti moja kabla ya kukata simu.

"Nataka Papa Fundi mwenyewe anirekodi," alisema. "Na ile mashine ya zamani, na kengele. Lakini mawe nitanunua mimi, na nitalala nayo chini ya mto mpaka Jumapili."